Logi ya Kukokotoa Si Logi ya Kupima

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Niko Mtangawanda, gatini, nasubiri maji yajae ili boti ipite Mkanda kurudi Lamu. Nahodha ana upondo wake. Penye shaka anautumbukiza na kupima kina. Penye mazoea anakisia kwa kutazama maji na mikoko. Lakini hawezi kukwambia "nimepima" ilhali amekisia. Sisi waandishi wa programu tunafanya hivyo kila siku!

Nieleze. Kisiwa hiki cha Pate kimetafutwa gesi na mafuta tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Shell na BP walichimba kisima cha Pate-1, na mwaka 2018 kampuni ya Zarara ikachimba Pate-2. Katika visima vya aina hii, vyombo huteremshwa shimoni kwa waya, kisha huvutwa juu vikipima mwamba hatua kwa hatua: ukinzani wa umeme, densiti, miale ya gama. Mfululizo huo wa vipimo ndio unaoitwa logi. Logi ya kwanza ya umeme ilichukuliwa Pechelbronn, Ufaransa, mwaka 1927.

Sasa, hakuna kati ya vyombo hivyo vitatu kinachosoma "hapa pana gesi asilimia 60". Nambari hiyo hukokotolewa. Ndiyo maana programu za jiofizikia zina kidirisha cha milinganyo: unaandika mlinganyo, unabofya, logi mpya inazaliwa. Kidirisha hicho sikipingi, ni kitu kizuri sana. Ninachopinga ni logi hiyo mpya kupangwa pamoja na zile za kupimwa, kwa mstari uleule na jina fupi lilelile, kana kwamba nayo ilitoka shimoni.

Chukua mfano (nambari ni zangu, si za Pate). Densiti iliyopimwa ni gramu 2.40 kwa sentimita ya ujazo. Tunataka porositi, yaani sehemu ya mwamba iliyo vitundu. Ukidhani mwamba ni wa mchanga, unaweka 2.65:

(2.65 − 2.40) / (2.65 − 1.00) = asilimia 15

Ukidhani ni wa chokaa, unaweka 2.71, unapata asilimia 18. Kipimo ni kilekile! Kisha porositi hiyo inaingia katika mlinganyo aliouchapisha Gus Archie wa Shell mwaka 1942, wa kukadiria maji ndani ya mwamba. Kwa ukinzani wa mwamba 20, wa maji 0.1, na vipeo vya kawaida vya 2, porositi ya kwanza inakupa maji asilimia 47, ya pili 39. Kinachobaki ndicho kinachohesabiwa kuwa gesi: 53 au 61. Tofauti yote imetoka kwa mtu aliyechagua 2.65 au 2.71, na ukitazama ile logi ya mwisho huoni alichagua ipi.

Kuna baya zaidi. Pale chombo kiliposhindwa kupima, faili huandika −999.25, maana yake "hakuna kipimo". Nilipoandika programu yangu ya kujifunzia nilisahau hilo. Mlinganyo ukatoa porositi ya 607. Nami, kwa ujanja wangu, nilikuwa nimeweka sharti kwamba jibu lisizidi 1. Basi pengo likageuka porositi ya asilimia 100, na Archie akanipa gesi asilimia 93. Mahali pasipopimwa pakawa ndipo mahali bora kuliko pote!

Wenzangu hujitetea: "Mtaalamu anajua." Anajua leo. Je, yule atakayefungua faili baada ya miaka ishirini?

Ninadai mambo matatu. Logi ya kukokotoa ibebe mlinganyo wake na nambari zote zilizochaguliwa, hata faili ikihamishiwa programu nyingine. Pengo libaki pengo. Na mstari wake uchorwe tofauti, hata kwa vidoti tu. Msiniambie hakuna nafasi: faili za LAS, zilizobuniwa na chama cha wapima visima wa Kanada mwaka 1989, zina sehemu ya maelezo kwa kila logi. Tunaiacha tupu kwa uvivu.

Nambari hizi ndizo zinazosaidia kuamua kama mtambo utakuja kisiwani au hautakuja, na watu wa hapa ndio watakaoishi na uamuzi huo. Ami mmoja aliyekaa nami hapa ameniuliza ninaandika nini. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo kiasi cha gesi hawapimi, wanahisabu?"

"Wanahisabu, ami."

"Si vibaya. Lakini waseme."

Maji yamejaa, naitwa botini.