Bumu la mtu mmoja, matumbo manne!

Leo naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na viwalo, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu nilipotoka nyumbani Same. Ninyi mlioko vyuoni mnaolia kila bumu likichelewa siku mbili, hebu sogeeni hapa.

Mwaka 2024 dada yangu, mtoto wa kwanza kwa mama, alikuwa na miaka 34, watoto wawili, na stashahada ya ualimu iliyolala kabatini tangu 2020. Mume? Huyo tumwache. Aliaga kwamba anakwenda kutafuta maisha na mpaka leo bado anayatafuta. Dada akarudi kwa mama huko juu milimani, asubuhi anafundisha kwa kujitolea, jioni anapalilia tangawizi za watu.

Siku moja akanipigia simu: "Mdogo wangu, naenda chuo. Mwaka huu nikiukosa, basi tena." Nikacheka, nikadhani ananichombeza. Kumbe mwenzangu kausoma mwongozo wa Bodi ya Mikopo mstari kwa mstari. Mwombaji asizidi miaka 35. Na masomo yanayokupa sifa ya kuingia chuo kikuu uwe umeyamaliza ndani ya miaka mitano. Dada akahesabu kwa vidole, akaona mlango unafungwa huku anautazama.

Kwa wasiojua, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Haimpi kila mtu, inapima uhitaji. Na hapo dada alikuwa na karata yake. Nyumba ya mama ilikuwa kwenye ule mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, kipindi cha pili kilichozinduliwa Februari 2020. Mwombaji anayetoka kaya ya TASAF anatambuliwa na Bodi kuwa mhitaji, namba ya kaya unaijaza kwenye maombi.

Akajaza. Mwenyekiti akagonga muhuri. Mkopo ukatoka! Siku hiyo nyumbani hakukuliwa makande, jogoo alilala chini.

Sasa kasheshe la kwanza. Fomu ilimuuliza dada habari za baba yake na mama yake. Baba alishafariki, ikabidi cheti cha kifo kitafutwe. Mama anafanya kazi gani? Sawa, tumejibu. Lakini fedha ya chakula na malazi inapigwa hesabu kwa mwanafunzi mmoja. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa kijana wa miaka 20 anayewaza soda na sinema, hiyo imetulia. Kwa dada yangu, elfu kumi hiyo ilikuwa na midomo minne: wa kwake, wa mama, na ya wale watoto wawili. Gawanya. Ni 2,500 kila mdomo, hujalipa chumba, hujanunua sabuni.

Alienda chuo kimoja Dodoma, wakapanga chumba kimoja wanawake wanne. Bumu likiingia, nusu linapanda mlimani siku hiyo hiyo. Anachobaki nacho anajua mwenyewe. Nilipomwona Desemba pale stendi ya Same, sketi inamzunguka kiunoni. Nikamuuliza, "Dada, unakula kweli?" Akajibu, "Ninasoma."

Kasheshe la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tulipanda na pikapu ya jioni, tukafika usiku, tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mama hakuwa na raha. Kumbe kuna jirani kaanzisha maneno kisimani: yule binti yake yupo chuo kikuu, serikali inamlipa mamilioni, iweje bado wanakula TASAF? Maneno yakatoka kisimani yakaingia sokoni, yakatoka sokoni yakaingia kwenye mkutano wa kijiji.

Wajua tena, mpango ule orodha ya kaya ilikuwa inathibitishwa na wanakijiji wenyewe kwenye mkutano. Fedha zenyewe zilikuwa zikitoka kila baada ya miezi miwili, na zilikuwa na masharti: watoto waende shule, wadogo wapelekwe kliniki. Ada ya shule ya msingi na sekondari mpaka kidato cha nne serikali ilishaifuta, lakini sare, daftari na viatu havijafutwa. Kwa mama, fedha ile ndiyo sare za wajukuu.

Ona basi mchezo ulivyo. Namba ya TASAF ndiyo iliyomsaidia dada kupata mkopo. Halafu mkopo huo huo ndio unaotaka kumtoa mama TASAF! Bodi inamhesabu dada yangu kama mtoto wa mtu asiye na tumbo jingine la kulisha. Kijiji kinamhesabu kama tajiri anayelisha ukoo. Mwanamke mmoja, mizani mbili, na zote zinampunja.

Usiku ule dada aliniambia ataacha chuo. Hakulia. Alisema tu, kama anayetaja bei ya nyanya: "Bora nirudi kwenye tangawizi, wanangu wasinyang'anywe kwa ajili yangu." Jamani, mimi niliyeishia kidato cha nne nikakosa la kumjibu.

Mkutano ukafika. Mnaotutania Wapare kwamba tunauza ng'ombe ili kushinda kesi ya kuku, siku ile mngeshuhudia. Yule jirani akapanga hoja zake kama wakili. Watu wakatikisa vichwa. Mama kainamisha uso kwenye kanga. Ndipo babu, kaka yake marehemu babu yetu mzaa baba, akainuka na mkongojo wake.

Akauliza: "Mtu akiazima jembe kwa jirani, mtaandika kwamba shamba lake limeongezeka?" Kimya. "Huyu binti kaazima. Ile ni deni. Akipata kazi watamkata mshahara mpaka liishe. Mnataka kumhesabia deni kuwa mali?"

Kisha akawakumbusha mbiru. Vijana wenzangu, kama hamjui, mbiru ilikuwa kodi ya wakati wa mkoloni, iliyopangwa kwa kukadiria utajiri wa kila mtu. Wazee wetu hawakukataa kulipa kodi, walikataa kukadiriwa mali kwa macho. Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakakusanyika hapa hapa Same. Wanawake nao baadaye wakaingia, na kodi ile ikaja kufutwa. "Baba yangu alitembea kwa miguu mpaka Same," babu akasema, "ili mtu asihesabiwe mali asiyokuwa nayo. Leo ninyi mnakadiriana wenyewe kwa wenyewe?"

Mkutano haukumtoa mama. Lakini haukumsafisha pia. Ukaamua suala lipelekwe kwa wahusika, waje wapige hesabu wenyewe. Mpaka dada anapanda basi kurudi Dodoma, hakuna aliyekuwa amekuja. Alipanda na jibu nusu. Lakini alipanda.

Mwenzenu nikaanza kudodosa, wenzetu wanafanyaje? Uingereza kwa mfano, mwanafunzi mwenye mtoto anaweza kupata posho ya serikali ya kumsaidia kuishi. Lakini mkopo wake wa kujikimu unahesabiwa kama kipato, kiasi kidogo tu kinaachwa, na posho inapungua. Wanalalamika hivyo hivyo kwamba deni linaitwa kipato. Tofauti ni kwamba kule mtu anaikuta hesabu imeandikwa, anajua mapema atakatwa kiasi gani. Mama yangu alikaribia kukatwa na maneno ya kisimani.

Na msidhani mwanafunzi mwenye watoto ni kituko. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watu wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Wapo waliobeba vitabu huku wana familia nyumbani, na nchi haikuwashangaa.

Mkipata bosi siku moja aliyesoma akiwa na miaka 35, kumbukeni kwamba kwenye hati ya mshahara wake asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kurudisha mkopo. Ile fedha haikuwa zawadi.

Sasa ushauri wangu wa bure. Kama una dada, shangazi au mama mdogo anayetaka kurudi darasani, mwambie afungue mwongozo leo, maana umri na miaka ya cheti havingoji. Apige hesabu ya bumu kwa idadi ya midomo. Kama kaya iko kwenye mpango wowote wa serikali, asifiche mkopo. Awahi yeye mwenyewe kwa mtendaji na karatasi ya mkopo mkononi, aonyeshe palipoandikwa neno mkopo, kabla jirani hajawahi na neno mamilioni. Na wewe mwenye bumu lako la peke yako, wiki hii ukimwona mama wa watu amekaa nyuma ya darasa anasinzia, usimcheke. Mpe notsi.

Juzi nilipata ujumbe kutoka kwa dada, mfupi tu: "Nimefaulu yote. Watoto wana viatu?"

Wanavyo, dada. Nimenunua mimi, kwa malipo ya safu hii. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.