Malezi mema na sumu ya Owino Uhuru

Wazazi wa huku Changamwe tunahimizwa tucheze na watoto, tuzungumze nao, tuwalishe vizuri. Ni sawa. Lakini Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza 2007 kiliacha madini ya risasi kwenye udongo wanaochezea watoto. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na sumu hiyo huharibu ubongo.

Mama ataweza kumnawisha mwanawe mikono, na kudeki badala ya kufagia vumbi. Kusafisha mtaa hawezi.

Mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 na usafishaji mwaka 2020. Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Watoto wa 2007 washakuwa watu wazima. Mtoto ni amana, hangoji rufaa.