Bamako ilichana karatasi yake yenyewe

JICHO LA PEMBENI
Na Mwinyi Rajabu Shomari

Januari 25, 2024, msemaji wa serikali ya kijeshi ya Mali, Kanali Abdoulaye Maïga, alisoma tamko kwenye televisheni ya taifa: Mkataba wa Algiers, ule wa amani kati ya serikali na waasi wa kaskazini, umekwisha, kuanzia saa hiyohiyo. Wengi tulilipokea kama tangazo la mazishi ya mtu aliyefariki miezi mitano nyuma.

Maana mapigano yalikuwa yamesharudi tangu Agosti 2023, na chanzo chake kilikuwa kambi. Miezi miwili kabla, Juni 30, Baraza la Usalama lilikubali matakwa ya Bamako na kuwaondoa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MINUSMA, wawe wameondoka wote ifikapo mwisho wa Desemba. Sawa, wanaondoka. Kambi wanamkabidhi nani?

Chukua Ber, mji mdogo mashariki ya Timbuktu. CMA, muungano wa makundi ya Watuareg na Waarabu wa kaskazini, walisema usitishaji mapigano wa Mei 2014 ulimtaka kila mmoja abaki alipo. Ber wako wao, basi jeshi lisikanyage. Bamako ikajibu kwamba ardhi ni ya Mali, mgeni akiondoka nyumba inarudi kwa mwenyewe. Ukimsikiliza kila mmoja peke yake, humwoni mkosaji. Walinda amani wakaondoka Ber kabla ya siku iliyopangwa, risasi zikiwa zimeshaanza kulia, na jeshi pamoja na mamluki wa Kirusi wa Wagner wakaingia. Septemba CMA wakatangaza kuwa sasa ni wakati wa vita. Kidal, mji wa kaskazini uliokuwa mikononi mwa CMA, ikawa kinyume chake: Umoja wa Mataifa uliondoka Oktoba 31 na CMA ndio waliowahi kambi. Wiki mbili baadaye, Novemba 14, jeshi likauteka mji, na juu ya ngome ya zamani ya wakoloni ikapandishwa, walau kwa muda, bendera nyeusi ya Wagner. Vita vya kurejesha heshima ya taifa, na bendera inayoonekana ni ya kampuni ya kukodi!

Lakini kosa la kambi ni la mwisho tu. Ugonjwa ulianza zamani. Mkataba huo wa Algiers, uliosainiwa Bamako Mei na Juni 2015, uliahidi mengi: wapiganaji kuingizwa jeshini, mikoa kupewa madaraka, kaskazini kuletewa maendeleo. Kituo cha Carter, kilichoteuliwa kuwa mwangalizi huru, kilisema utekelezaji wa mwaka 2017 ulikuwa asilimia 22. Mwaka 2020 ulikuwa asilimia 23. Miaka mitatu, asilimia moja. Kwa mwendo huo mkataba ungekamilika baada ya zaidi ya miaka mia mbili.

Na sidhani ulikuwa uzembe mtupu. Hali ile iliwafaa wakubwa wote. CMA waliendelea kuitawala Kidal bila kuweka silaha chini. Wanasiasa wa Bamako waliepuka kubadili katiba ili mikoa ipewe madaraka, na Rais Ibrahim Boubacar Keïta alipojaribu mwaka 2017, mitaa ikachafuka, akarudi nyuma. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, huku vikao vikiitishwa na posho zikilipwa. Aliyekuwa hafaidi ni mfugaji wa kaskazini, ambaye hakuiona shule wala zahanati aliyoahidiwa.

Serikali ina haki ya kuingia katika mji wake, hilo sibishani na mtu. Ninachobishana nacho ni ile shangwe ya kuufuta mkataba Januari. Waasi hawa ndio waliotangaza uhuru wa Azawad, yaani kaskazini ya Mali, Aprili 2012. Mwaka 2015 wakasaini mkataba unaotambua umoja wa Mali na mipaka yake. Ilikuwa hati bora kuliko bunduki yoyote ya Bamako, kwa sababu ilibeba saini ya mpinzani mwenyewe. Maïga aliifuta kwa tamko moja. Matokeo yake hayakuchelewa: Novemba 30, 2024 makundi hayo yaliungana upya kwa jina la FLA, na jina hilo jipya lenyewe linataja ukombozi wa Azawad. Kabla ya hapo, Julai mwaka huohuo, huko Tinzaouaten kwenye mpaka wa Algeria, jeshi na Wagner walikwishapata kipigo ambacho hakikuwahi kuwapata Warusi hao katika Sahel.

Jenerali Assimi Goïta, kiongozi wa serikali hiyo ya kijeshi, alisema mahali pa mkataba pangechukuliwa na mazungumzo ya Wamali wenyewe, bila watu wa nje. Yalifanyika, yakamalizika Mei 2024, na wenye silaha wa kaskazini hawakuwamo. Kidal haijapatana na Bamako ila kwa msuluhishi: Tamanrasset 1991, Algiers 2006, Ouagadougou 2013, kisha Algiers tena. Mei 2014, jeshi lilipotimuliwa Kidal, ilibidi Rais wa Mauritania, Mohamed Ould Abdel Aziz, apande ndege kwenda kuwasihi waasi wasimamishe vita. Algeria ndiyo iliyokuwa ikiombwa mara nyingi zaidi, lakini baada ya droni ya Mali kudunguliwa mpakani usiku wa kuamkia Aprili 1, 2025, nchi hizo mbili ziliondoleana mabalozi na kufungiana anga. Siku majenerali watakapochoka kupigana, sijui watampigia nani simu.