Hofu Tuliyorithi: Familia, Jamii na Mtazamo Wetu Kuhusu Kiswahili



Wahenga walinena, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Walinena pia, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Methali hizi zinawataja walimu wawili wa kwanza wa mwanadamu, yaani familia na jamii. Yupo mwalimu wa tatu, naye ni mtazamo wa mtu mwenyewe: namna anavyoyapima aliyoyapokea kwa hao wawili, kisha akaamua yapi ayashike na yapi ayaache. Tabia ya kila mmoja wetu, iwe njema au mbaya, imepita mikononi mwa walimu hawa watatu.

Leo ninataka tuutazame ukweli huo kwa mfano mmoja ulio karibu nasi: jinsi sisi raia wa Uganda tunavyokipokea Kiswahili. Maoni yangu ni kwamba hofu na dharau tuliyo nayo kwa lugha hii tumeirithi. Ilipoanza ilikuwa na sababu zake, na wazazi wetu hawakuwa wajinga kuwa nayo. Lakini sababu nyingi zimekwisha na hofu imebaki, na kubaki kwake kunatudhuru kama raia.

Kila mwalimu wa Kiswahili nchini analifahamu jambo hili. Mwanafunzi huandika insha safi, hupanga ngeli za nomino bila kukosea, na katika mtihani hupata alama nzuri. Mwambie sasa amsalimu mwenzake kwa Kiswahili uwanjani wakati wa mapumziko. Atatabasamu, atatazama chini, kisha atajibu kwa Kiingereza. Akithubutu kuzungumza, wenzake watacheka na kumwita "afande". Kicheko hicho hakimo katika mtaala wala katika kitabu chochote cha kiada. Watoto hawa wamekuja nacho kutoka wapi?

Tuanzie nyumbani. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza katika Afrika Mashariki. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 kiliendelea kutumika jeshini na katika polisi. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Katika miaka hiyo familia nyingi, hususan za kusini mwa nchi, zilikisikia Kiswahili kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. "Fungua mlango!" "Toa kitambulisho!" "Lala chini!" Majambazi wenye silaha nao walijua kwamba Kiswahili kinatisha, wakakitumia usiku walipovamia nyumba za watu. Hivyo lugha ikapata majina mawili ambayo hadi leo hayajafutika: lugha ya askari na lugha ya wezi.

Sasa mfikirie bibi aliyeyaona hayo akiwa kijana. Mjukuu wake anarudi kutoka shuleni akisema kwa furaha, "Shikamoo, bibi." Bibi hatoi hotuba juu ya historia ya nchi. Anakunja uso tu, au anasema kwa lugha ya nyumbani, "Hayo maneno yaache hukohuko shuleni." Mtoto amekwisha kufunzwa. Hivi ndivyo familia inavyofundisha mambo mengi: kwa uso uliokunjwa, kwa kimya, kwa kicheko, kwa jina baya linalotajwa mezani. Mtoto hurithi hofu asiyojua ilizaliwa lini.

Tutoke nyumbani tuingie katika jamii. Jamii nayo ina kumbukumbu zake, na nyingine ni za kale kuliko utawala wa Amin. Kiswahili kilifika Buganda katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, na Kabaka Mutesa wa Kwanza alikifahamu. Wakati huo kilikuwa lugha ya wageni wa heshima katika kasri. Mambo yalibadilika chini ya ukoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 gavana William Gowers alitaka Kiswahili kitumike kwa upana zaidi katika utawala na elimu. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga mpango huo. Baganda wengi waliogopa kwamba lugha yao ingeshushwa hadhi. Waliogopa pia kuunganishwa na Kenya, ambako walowezi wa Kizungu walikuwa wamechukua ardhi. Viongozi kadhaa wa makanisa nao waliipinga, kwa kuwa waliiona lugha hiyo kuwa karibu mno na Uislamu.

Ukitaka kuona nguvu ya jamii, linganisha sehemu mbalimbali za nchi yetu. Serikali ni moja, katiba ni moja, mtihani ni mmoja. Lakini nenda kaskazini, Gulu au Arua, ambako wakoloni waliandikisha vijana wengi jeshini, utakuta wazee wanaozungumza Kiswahili bila kuona haya. Nenda Busia, ambako watu wa ukoo mmoja wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya, utasikia wauza nyanya wakishindana bei kwa Kiswahili tangu alfajiri. Nenda Mpondwe, kwenye mpaka wa Kongo, usikie jinsi mizigo inavyopata wanunuzi kwa lugha hiyohiyo. Watoto wa huko hawana ndimi tofauti na za watoto wa Kampala au Masaka. Kilichotofautiana ni kile ambacho jamii imekiruhusu na kile ambacho imekiaibisha.

Shule pia ni jamii, na zetu zimechangia. Katika shule nyingi mwanafunzi anayesikika akizungumza lugha nyingine badala ya Kiingereza huadhibiwa, pengine kwa kuvalishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza kwamba lugha za Kiafrika ni kosa la kukwepa. Kisha, saa nne asubuhi, kengele inalia na mwalimu wa Kiswahili anaingia darasani akimwomba azungumze lugha ya Kiafrika kwa kujiamini! Tusishangae akinyamaza.

Sasa tumfikie mwalimu wa tatu, yaani mtazamo. Huyu ana tabia moja ya ajabu: anaweza kumfumba mtu macho asione hata kile kilichomo mkononi mwake. Chukua mama wa Kiganda anayemkataza mtoto wake Kiswahili. Jioni anamtuma *edduuka* akanunue *ssukaali* na *ssabbuuni*. Mtoto anaporudi, mama anamwambia aketi kwenye *emmeeza*, afungue *ekitabo* chake, ashike *ekkalaamu* afanye kazi ya shule. Duka, sukari, sabuni, meza, kitabu, kalamu: maneno sita, na yote yameingia katika Luganda kutoka Kiswahili. Lugha anayoiogopa imo jikoni mwake na imo katika mkoba wa mwanawe, na haijamvunjia mlango.

Mfano huo unajibu pia hoja nzito inayotolewa na watu ninaowaheshimu. Husema, "Mwacha mila ni mtumwa, tukikikubali Kiswahili, lugha zetu za mama zitakufa." Ninaelewa uchungu wa maneno haya, na ninakubali kwamba lugha hufa watoto wasipozungumziwa nyumbani. Lakini Luganda imekaa na Kiswahili zaidi ya karne moja, imekopa maneno, imeyavalisha mavazi yake yenyewe, na bado inaimbwa na kutangazwa redioni kila siku. Lugha ya mama hulindwa na mama anayeizungumza. Haihitaji jirani yake achukiwe ndipo iishi.

Pengine utaniuliza, mwanafunzi wangu: kuna hasara gani nikiendelea kukikwepa? Si ni somo moja tu?

Hasara ya kwanza ni ya uraia. Kwa marekebisho ya mwaka 2005, katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, itumike kwa namna Bunge litakavyoweka kisheria. Mtaala wa sekondari ulioanza kutumika mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Maandishi yapo, lakini maandishi hayazungumzi. Raia wa kawaida wakiendelea kukikataa, kitabaki mikononi mwa walewale waliokuwa nacho tangu mwanzo, yaani wenye sare. Wazazi wetu walikikimbia kwa sababu kilikuwa lugha ya bunduki, na kwa kukikimbia tumewaachia wenye bunduki.

Fikiri hali hii. Askari anamsimamisha kijana barabarani usiku na kumuamuru kwa Kiswahili. Ibara ya 23 ya katiba yetu inasema kwamba mtu anayekamatwa aelezwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili. Kijana asiyejua Kiswahili anabaki kusikia amri tu. Anayekijua anaweza kuuliza kwa adabu, "Afande, kosa langu ni lipi? Ninapelekwa kituo gani?" Sisemi kwamba sarufi huzuia rungu, askari mwovu atabaki mwovu hata ukimjibu kwa ufasaha. Na wajibu wa kufuata katiba ni wa askari, haumwangukii kijana. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya kuamriwa na kuzungumza. Lugha inayotumiwa na pande zote mbili huanza kupoteza sauti ya amri.

Hasara ya pili ni ya ujirani. Uganda imezungukwa na nchi ambazo nyingi hutumia Kiswahili: Kenya, Tanzania, Rwanda na mashariki ya Kongo. Jumuiya ya Afrika Mashariki inakitambua, na UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kijana wetu anayevuka mpaka akiwa bubu anaingia sokoni kwa mkalimani, na mkalimani naye huchukua fungu lake.

Basi tufanye nini? Sipendekezi tuwashutumu wazazi. Mtu aliyeng'atwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wazazi wetu waling'atwa kweli. Ninawaomba wafanye jambo moja tu: wawasimulie watoto kisa chenyewe badala ya kuwaachia hofu bila kisa. Mtoto akiambiwa, "Mwaka fulani watu wenye silaha walimchukua mjomba wako, nao walizungumza Kiswahili," ataelewa kwamba waliotenda ubaya ni watu, na kwamba lugha ilitumiwa kama kamba inavyotumiwa: kumfunga mtu, au kumtoa kisimani.

Kwa walimu wenzangu na wakuu wa shule ninasema: ondoeni vibao shingoni mwa watoto. Kitengeni Kiswahili muda wa kutumika nje ya darasa, katika mdahalo, katika michezo, katika matangazo ya asubuhi. Tabia huzaliwa na mazoea, na mazoea hayawezi kuota katika vipindi vichache kwa wiki ikiwa saa zote zilizobaki lugha hiyo ni kichekesho.

Nawe mwanafunzi, kazi yako ndiyo kubwa, kwa kuwa mtazamo wako hakuna awezaye kukubadilishia. Familia imekupa mwanzo, jamii imekupa mazingira, lakini hukumu ni yako. Siku utakaposita kusema neno la Kiswahili, jiulize maswali matatu. Hofu hii nimeitoa wapi? Ilipoanza ilikuwa na sababu gani? Sababu hiyo ingali hai leo? Ukiyajibu kwa uaminifu, huenda ukagundua kwamba umekuwa ukibeba mzigo wa mtu mwingine.

Maswali hayohayo yatakufaa nje ya darasa la lugha. Yaulize unaposikia kwamba watu wa kabila fulani ni wavivu, kwamba wa dini fulani hawaaminiki, kwamba mtoto wa kike hapaswi kusimama mbele ya watu, kwamba bila kumpa karani "chai" huwezi kupata haki yako ofisini. Yote hayo yana mahali yalipotoka, na yote hupitishwa kutoka mzazi hadi mtoto kama hadithi za jioni. Mengine utakayorithi ni hazina, nawe uyatunze: heshima kwa wakubwa, ukarimu kwa mgeni, kusaidiana msibani. Raia mwema huyatenganisha haya na yale, kama mama anavyochambua maharage kabla ya kuyatia chunguni.

Kesho asubuhi, ukikutana na mwalimu wako wa Kiswahili nje ya darasa, usisubiri akuulize. Mwamkie wewe kwanza, kwa sauti inayosikika, mbele ya wenzako. Wakicheka, waache wacheke. Huenda miongoni mwa wanaocheka yumo mmoja aliyekuwa akingoja mtu wa kumtangulia.