Watawa wa Baiskeli na Jumapili Yetu



Hapa Dzaleka baiskeli tunaijua kama kazi. Kijana wa kabaza akipata abiria wa kutosha, jioni nyumbani kwao kunapikwa. Kwa hiyo nilipowasimulia vijana wa kwaya yetu kwamba mwaka 2016 watawa wa kike wapatao 500 waliendesha baiskeli kilomita 4,000, kutoka Kathmandu nchini Nepal hadi mji wa Leh kaskazini mwa India, swali la kwanza lilikuwa: nani aliwalipa? Hawakulipwa. Walikwenda kupinga biashara ya kuuza watu.

Hao ni watawa wa dini ya Buddha, wa madhehebu yaitwayo Drukpa. Kwa desturi ya huko mtawa mwanamke alikuwa mtu wa kupika na kufagia. Kiongozi wao, Gyalwang Drukpa, aliigeuza desturi hiyo, na tangu mwaka 2008 wanafundishwa hata kungfu. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Nepal, likaua watu karibu 9,000 na kuacha wengine wengi mno bila nyumba. Watawa hawa hawakukimbia. Walikwenda kwa miguu vijijini kuondoa vifusi na kugawa chakula. Huko ndiko waliposikia kwamba wasichana wa familia maskini walikuwa wanauzwa, kwa sababu wazazi wao hawakuweza tena kuwatunza.

Sidhani kama mkimbizi anahitaji kufafanuliwa zaidi. Nyumba imeanguka, shamba hakuna, kisha anakuja mtu mwenye maneno matamu anasema: nipe huyu mkubwa, nitamtafutia kazi mjini, atakuwa anawatumia hela. Mpaka wa Nepal na India raia wa nchi hizo mbili wanauvuka bila pasipoti. Msichana akishavuka, kumpata tena ni shida.

Njiani, katika milima ya Himalaya, watu waliowaona watawa wale wamevaa kofia ngumu na jaketi nyekundu walidhani ni wavulana. Walipoambiwa kuwa ni wasichana, tena ni watawa, walishangaa. Mimi naona mahubiri yao makubwa yalikuwa hapo. Mzazi anayefikiri binti ni mzigo anaona mamia ya mabinti wanapanda kwa baiskeli mlima ambao yeye mwenyewe anaupanda kwa kuhema. Walisimama kuongea na wanavijiji, na maofisa, na viongozi wa dini. Waligawa chakula na kuwasaidia wagonjwa wapate matibabu.

Je, safari ile iliokoa wasichana wangapi? Hakuna anayeweza kuhesabu, na sitadai kwamba baiskeli inamkamata mlanguzi wa watu. Kumkamata ni kazi ya polisi. Lakini mlanguzi mara nyingi humpata mtoto kwa sababu kuna mtu mzima aliyekubali kumtoa, na kuna jirani aliyeona akanyamaza. Watawa wale waliwafuata hao hao, nyumbani kwao.

Sasa tujiangalie sisi. Mwezi Juni 2022 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, iliyokuwa ikifanya kazi pamoja na polisi wa Malawi, ilitangaza kwamba watu zaidi ya 90 walikuwa wametambuliwa na kuokolewa humu humu kambini. Wengi walikuwa wanaume wa Ethiopia wa miaka 18 hadi 30. Walikuwapo pia wasichana na wanawake wa Ethiopia, Burundi na Kongo, kuanzia miaka 12. Wanaume walifanyishwa kazi kwa nguvu, hapa au mashambani. Wanawake na wasichana walifanyishwa ukahaba, na wengine walipelekwa nchi nyingine za kusini mwa Afrika. Ofisa mmoja wa UNODC alisema alishuhudia kitu kama soko la Jumapili, ambako watu walikuja kununua watoto.

Jumapili. Siku ambayo ukisimama popote kambini unasikia kwaya tatu kwa wakati mmoja.

Nasema haya nikiwa muumini, wala siwatukani wachungaji. Tuna makanisa mengi, tuna misikiti, tuna vikundi vya akina mama vinavyojua nani amelala njaa. Tunaombea wagonjwa, tunaombea safari za Kanada na Marekani. Ni mara ngapi umesikia mahubiri juu ya mtu anayenunua mtoto? Tunaogopa, na sababu tunaijua. Mlanguzi anaweza kuwa mtu wa lugha yetu na wa mkoa wetu, na pengine anatoa sadaka nzuri.

Sisi wa upande wa afya tunawapokea walioumizwa wakiwa wamechelewa. Msichana analetwa na mtu anayejiita shangazi yake, na shangazi ndiye anayejibu maswali yote. Aliyebakwa anatakiwa afike ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ziweze kumsaidia. Akiletwa baada ya wiki mbili, tunatibu yaliyobaki. (Asiogope kuja kwa sababu hana kadi. Atibiwe kwanza.) Na wanaosema mtoto alikubali mwenyewe wajue kwamba sheria ya Malawi ya mwaka 2015 inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa kumfanyia mtu biashara hii, na hadi 21 kama ni mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 18, hata akisema ndiyo, hata baba yake akisema ndiyo, kosa ni lile lile.

Najua nitakachojibiwa. Kutoka kambini kunahitaji kibali, na baiskeli ya kabaza ikisimama siku moja, chakula nacho kimesimama. Ni kweli, na mgao wenyewe umepunguzwa mara kadhaa miaka hii. Sisemi twende Leh. Nasema makanisa na misikiti wakubaliane juu ya Jumapili moja, mchana baada ya ibada. Vijana wapite na baiskeli sehemu zote za kambi, wasichana wakiwa mbele, wasimame kila mahali dakika kumi na kusema wazi jinsi watu wanavyodanganywa. Waseme kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, na wasisahau Kiamhari. Sadaka ya siku hiyo isinunue fulana wala vipaza sauti. Iende kwa familia ambayo akina mama wanajua iko karibu kumtoa mtoto kwa sababu ya njaa.

Kwa nini kundi? Kwa sababu mtu mmoja akisema, kesho anatafutwa. Watu mia mbili wakisema pamoja, watamtafuta nani?

Kwaya yetu ina baiskeli saba, mbili hazina breki. Baadhi ya wazee hawajapenda kuona binti juu ya baiskeli, na tunaendelea kuongea nao. Wasichana wanne wameshaanza kujifunza, kila jioni saa kumi na moja, jua likipungua.