Chuma Kitupu ni Ndoo ya Bibi

Wiki iliyopita kwenye podikasti nilitaja kwa kupita tu kwamba siku hizi nanyanyua vyuma, na jumbe mlizotuma zilizidi zile za siku tuliyozungumzia mahari! Wengi mliuliza swali moja: mtu anaanzaje? Basi leo naandika. Ila kwanza niwaambie kwa nini nilianza, maana sikuanza kwa ajili ya kiuno.

Mwaka jana tulikuwa kwenye khitma nyumbani kwa mjomba, hapa hapa London. Wanawake tulikaa chini kwenye mkeka, kama kawaida. Dua ikaisha, chai ikanywewa, watu wakaanza kuaga. Mama hakuinuka. Alijaribu mara ya kwanza, akacheka. Mara ya pili hakucheka. Nikamshika mkono nikavuta, wapi! Nikapita nyuma, nikamshika makwapani, nikajaribu kuinua, mgongo ukanikatalia. Mwishowe wakaja mama wawili wa rika lake, wakamwinua. Tukiwa kwenye gari alisema neno moja tu: "Mkeka umekuwa mbali siku hizi."

Sikuwa na jibu. Nina miaka 34, ni mhasibu, nakaa kwenye kiti masaa manane kila siku, na nimeshindwa kumwinua mama yangu.

Wiki ileile nikajiunga na jimu. Mwezi mzima nilitumia mashine ya kukimbilia tu, kwa sababu iko karibu na mlango. Ile kona ya vyuma, na wanaume wanaoguna kama wanasukuma lori, niliipita nikiangalia simu. Halafu siku moja nikamwomba kijana anayefanya kazi pale anionyeshe. Akanipa chuma kitupu, bila uzito wowote pembeni. Nikauliza, hiki peke yake ni kilo ngapi? Akasema 20.

Mi nikacheka, kwa sababu nilimkumbuka Bibi. Mama anatusimulia kila mara jinsi Bibi alivyokuwa akiteka maji bombani kule Tanga, ndoo ya lita 20 kichwani, safari mbili kila asubuhi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo chuma kilichonitetemesha mikono, Bibi alijitwika kila siku kabla ya kunywa chai.

Msinielewe vibaya, siwaletei hadithi ya "zamani watu walikuwa na nguvu". Bibi hakubeba kwa kupenda, na shingo ilimuuma mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuna aliyemwambia anze na lita tano, wiki ijayo aongeze moja. Sisi tunaweza. Kuanza na kidogo si aibu, ni nafasi ambayo yeye hakuipata.

Haya, tuje kwenye tizi lenyewe. Mwongozo wa afya wa hapa Uingereza unasema mtu mzima aimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mi naenda Jumatatu na Alhamisi, dakika kama 45. Nafanya mambo matano tu:

Kwanza, kuchuchumaa na kusimama. Anza bila uzito, au ukiwa umekumbatia chuma kidogo kifuani. Visigino visiondoke chini.

Pili, kuinua kitu kutoka sakafuni. Kitu kiwe karibu na miguu, mgongo unyooke, usukume ardhi kwa miguu. Hapa ndipo nilipokosea siku ya khitma: nilivuta kwa mgongo.

Tatu, kusukuma. Pushapu zinatosha, na kama huziwezi, fanya ukiegemea ukuta au benchi.

Nne, kuvuta. Keti kwenye mashine ya kamba, vuta mpini mpaka tumboni.

Tano, kubeba na kutembea. Chuma kila mkono, tembea kama unatoka dukani na mifuko miwili ya mchele. Hili ndilo nilipendalo.

Manne ya kwanza fanya mara 8 hadi 10, pumzika dakika mbili, rudia mpaka zitimie raundi tatu. Kubeba, tembea nusu dakika, raundi tatu vilevile. Kabla ya yote pasha mwili moto dakika tano. Uzito unaokufaa ni ule ambao ukimaliza unahisi ungeweza mbili zaidi. Andika kwenye daftari. Siku utakayotimiza 10 kwenye raundi zote tatu, ongeza kidogo kabisa, mfano kilo 2.5, kisha anza tena na 8. Haba na haba, ndoo inajaa.

Na ninaposema kidogo, namaanisha kidogo. Wiki ya tatu niliongeza kilo 10 kwa mkupuo kwa sababu kuna kaka alikuwa ananitazama. Nililala na chupa ya maji moto mgongoni kwa wiki mbili, na yule kaka wala hajui jina langu.

Mwili kuuma siku ya pili ni kawaida. Maumivu makali kwenye kiungo si kawaida, acha. Usizuie pumzi unapoinua. Kama una presha, sukari, ujauzito au jeraha la zamani, ongea na daktari kwanza.

Tena, wiki za mwanzo utaona nguvu zinapanda haraka. Sehemu kubwa ya hiyo ni neva zinajifunza kuiamrisha misuli uliyonayo tayari. Misuli yenyewe inakuja polepole mno. Nawaambia hivi kwa sababu shangazi yangu aliposikia habari zangu alishika kichwa: "Mtoto wa kike, unataka kuwa kuli wa bandarini?" Nikamwambia, shangazi, kuli analipwa, mimi ndiye ninayelipa kila mwezi. Akacheka, lakini bado ananikagua mikono kila nikienda kwake.

Sasa ni miezi tisa. Naweza kuinua kilo 50 kutoka sakafuni. Uzito wa Mama siutaji hapa, nataka kuendelea kula pilau yake.

Yeye mwenyewe jimu alikataa katakata. Kilichokubalika ni kiti cha jikoni: akibandika chai anakaa na kusimama bila kushika popote, mara tano. Siku hizi amefika kumi, na ananihesabia kwa sauti kwenye simu ili nisiseme anadanganya.

Mwezi uliopita nilimkuta amekaa kwenye mkeka sebuleni, anachambua mchele. Moyo ukanipiga. Alipomaliza akapiga magoti, akashika ukingo wa kochi kwa mkono mmoja, akaninyooshea wa pili. Nikachuchumaa karibu yake, mgongo ukiwa umenyooka, nikasukuma ardhi. Nusu alifanya yeye, nusu nilifanya mimi. Tukasimama.

"Mkeka bado uko mbali," akasema, "lakini nauli imeshuka."

Basi, wiki hii nakupa kazi moja tu. Kaa chini sakafuni, halafu simama bila kushika kitu. Ukiweza, mwombe mzazi wako ajaribu mbele yako, ukiwa umesimama karibu naye. Halafu tuandikie ilikuwaje, tutasoma baadhi kwenye kipindi kijacho.