Tuwaachie wadogo zetu washike hela

Nimekuwa kimya kidogo, majukumu ya chumba cha habari yalinibana. Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo majumbani kwetu huwa halizungumzwi mpaka liharibike: hela na wadogo zetu.

Mwezi uliopita mama alinipigia simu usiku. Mdogo wangu, ana miaka 16 na yuko kidato cha tatu, alikuwa ametumia Sh 30,000 za michango ya shule. Hakunywa wala hakuvuta. Alibeti. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza, kwa hiyo kaka mmoja wa mtaani ndiye aliyekuwa akimwekea mikeka kwa simu yake. Yote ikachanika. Mama alitaka nimkanye. "Wewe ndiye uliyesoma," akaniambia.

Nilishindwa kumkanya, maana nilikumbuka bumu langu la kwanza.

Kwa ambao hamkupitia chuo, bumu ni ile hela ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo. Wakati wangu ilikuwa Sh 8,500 kwa siku, na tulipewa ya siku 60 kwa mkupuo, yaani Sh 510,000. Nilikuwa na miaka 20, na sikuwahi kushika hata 20,000 ambayo uamuzi wake ni wangu. Nyumbani nilipewa nauli asubuhi, jioni imekwisha. Bweni nako hela yangu ilikaa kwa mwalimu. Wiki tatu tu bumu likakata: simu mpya, raba kali, na chipsi kuku za kuwafurahisha washkaji. Siku 39 zilizobaki niliishi kwa mikopo ya shemeji na wali maharage wa kuunga unga.

Kinachouma ni kwamba ile haikuwa zawadi. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika akishaajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Mpaka leo nazilipia zile raba, na zenyewe zilishaisha soli zamani.

Sasa niambieni, tofauti yangu na dogo ni ipi? Mimi nilipoteza nyingi zaidi, tena nikiwa na cheti cha kidato cha sita.

Tatizo letu ni kwamba tunamkinga mtoto na hela kwa miaka 18, halafu tunamtupia yote siku moja. Tunasema hela inaharibu watoto. Lakini mtazameni yule binti anayeuza barafu na ubuyu wa mama yake pale mtaani. Ana miaka 13, anajua mtaji ni upi, faida ni ipi, na akila bidhaa jioni hesabu haitimii. Hela haijamharibu. Sisi wa "soma kwanza, hela utazikuta" ndio tunaofika chuo hatujui kugawa laki tano kwa siku 60.

Wengine mtasema kibubu kinatosha. Kibubu ni kizuri, lakini kinafundisha kuficha tu. Hakimfundishi mtu kuchagua kati ya chai ya leo na daftari la keshokutwa.

Kwa hiyo nilimshauri mama hivi. Dogo apewe hela yake ya wiki nzima kila Jumapili: nauli, chai ya saa nne na madaftari, vyote humo humo. Ikiisha Jumatano, hakuna nyongeza. Na deni la 30,000 alipe Sh 2,000 kila wiki, wiki 15, mpaka liishe.

Wiki ya kwanza iliisha Alhamisi. Ijumaa akatembea kwa miguu kutoka shuleni Tandika hadi nyumbani Mtoni. Mama akanipigia, sauti ya huruma: "Nimpe kidogo?" Nikamwambia asimpe, ingawa na mimi roho iliniuma. Wiki ya tatu dogo alibakiza Sh 700. Hakumwambia mtu, mama ndiye aliyeziona ndani ya kitabu cha hesabu. Sijui kama ameacha kubeti moja kwa moja, ila najua sasa anaijua thamani ya nauli.

Najua si kila nyumba ina hela ya wiki nzima kwa mkupuo. Lakini ninachosisitiza ni uamuzi, kiasi hakina shida. Hata 1,000 ya siku mbili inatosha kuanzia, mradi mtoto aamue mwenyewe, akikosea aumie kidogo, na asipigwe.

Kukosea atakosea tu. Akikosea na miaka 16, anapoteza 30,000. Akikosea na miaka 20, ni bumu zima. Akija kukosea na miaka 40, itakuwa kiwanja na ada ya watoto wake. Bora ajifunzie kwenye hiyo ndogo, angali ana kwao pa kula.

Nawasilisha.